Mbwa aliyewekea serikali pingamizi, na stesheni ya Garsdale

Kuna mbwa aliwahi kupeleka pingamizi serikalini kupinga reli kufungwa, na pingamizi lake likapokelewa likahesabiwa pamoja na ya watu. Sitanii. Ni huku Uingereza, kaskazini, kwenye reli inayotoka mji mdogo wa Settle kwenda Carlisle karibu na mpaka wa Scotland, na sanamu yake ya shaba imekaa mpaka leo kwenye platfomu ya stesheni moja iko katikati ya milima, hakuna duka, hakuna kijiji cha maana, kondoo tu na upepo, inaitwa Garsdale. Mimi naishi Leeds na hii stori nimewasimulia watu wa nyumbani mpaka wamenichoka, kwa hiyo naiandika yote hapa mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia linki basi.

Kilichonisukuma ni zile picha. Mnazijua. Kila baada ya muda mtu anatupia kwenye group picha ya stesheni ya zamani huko kwetu, rangi imebanduka, nyasi zimeota katikati ya mataruma, mbuzi kalala pale watu walipokuwa wanapanga mizigo, halafu chini yake emoji za kulia, "tumepoteza urithi", "serikali iko wapi", mmoja anakumbushia maandazi ya stesheni fulani, mwingine anasema enzi za Mwalimu bwana, na kesho yake tumeshahamia kwenye Simba na Yanga. Silaumu mtu, na mimi nimo. Ila nikikaa nikifikiria hawa wazungu wa milimani walifanyaje mpaka stesheni zao zikapona, naona walifanya kitu tofauti kabisa na tunachofanya sisi, na wala hakikuanza na picha.

Nianze na reli yenyewe maana bila kuielewa hutaelewa kwa nini watu walitaka kuiua. Ilijengwa na kampuni ya Midland Railway kuanzia 1869, ikaanza kubeba abiria tarehe 1 Mei 1876. Maili 72, kama kilomita 116 hivi, na karibu yote ni mlima, bonde, mlima. Midland walitaka njia yao wenyewe ya kwenda Scotland kwa sababu washindani wao walikuwa na njia zao tayari na walikuwa wanawasumbua, yaani ulikuwa ushindani wa kibiashara tu, na matokeo yake wakaishia kupitisha reli mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapitishi reli. Mahandaki 14, madaraja marefu ya mawe zaidi ya 20, na vibarua maelfu wakilala kwenye vibanda vya mbao kwenye matope na barafu. Ndui iliwapitia. Kwenye kanisa dogo la Chapel-le-Dale walizikwa zaidi ya watu 200 wa zile kambi, wakiwemo wake na watoto, na parokia ikabidi iongeze eneo la makaburi. Hapo mtu wa Tanga au wa Voi anajua nazungumzia nini, reli za zamani zote zimelala juu ya watu.

Stesheni walizijenga nzuri ajabu ukilinganisha na mahali zilipo. Mawe, mapaa yaliyochongoka, mbao za urembo kwenye ukingo wa paa zimechongwa, meko imara. Waliweka ramani moja wakaitoa kwa saizi tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kulingana na umuhimu wa sehemu, ndiyo maana ukipita na treni unaona kama stesheni ile ile inakufuata. Tatizo ni kwamba reli ilifuata mlima na vijiji viko chini. Stesheni ya Dent iko zaidi ya maili nne kutoka kijiji cha Dent na iko juu kabisa, ndiyo stesheni ya njia kuu iliyo juu kuliko zote England, mita 350 hivi kutoka usawa wa bahari. Kuna utani wa wenyeji, mgeni anauliza kwa nini stesheni mmeiweka mbali hivi na kijiji, anajibiwa sijui, labda walitaka iwe karibu na reli.

Sasa stesheni ya namna hiyo magari yakishaingia inakufa, hata huhitaji profesa. 1963 ikatoka ile ripoti maarufu ya Beeching, bosi wa shirika la reli wakati ule, iliyotaka kufunga stesheni zaidi ya 2,000 nchi nzima, na hii njia ilikuwemo. Ikaponea chupuchupu, lakini mwaka 1970 stesheni zake ndogo karibu zote zilifungwa siku moja, zikabaki Settle na Appleby. Stesheni nyingine zikawa kama hizo za kwenye picha zetu. Madirisha yamepigwa mbao, paa linavuja, wahuni wamepita. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 80 treni za abiria zilikuwa mbili tu kwa siku kila upande, na mizigo ilikuwa inahamishiwa njia nyingine kimya kimya. Hii mbinu naomba muiangalie vizuri kwa sababu haina nchi: unapunguza huduma, watu wanaacha kuja, halafu unatoa takwimu kwamba watu hawaji.

Na kulikuwa na daraja. Ribblehead. Matao 24, urefu mita 400, kimo mita 32 kwenda juu, limesimama peke yake kwenye uwanda usio na mti, ukiliona mara ya kwanza unanyamaza kidogo. Maji ya mvua yalikuwa yanapenya juu kwenye sakafu ya daraja yanashuka ndani ya nguzo, baridi ikija yanaganda, yakiganda yanatanuka, jiwe linapasuka. Miaka mia ya hivyo. Shirika la reli la taifa, British Rail, likasema kulitengeneza ni mamilioni ya pauni, hela hakuna, tufunge njia nzima. Tangazo rasmi la kusudio la kufunga likatoka 1983.

Hapa ndipo wananchi wanaingia, na wao walishaanza kabla. 1981, kabla hata ya tangazo, fununu tu zimesikika, watu wakakutana Settle wakaunda chama chao, Friends of the Settle–Carlisle Line, Marafiki wa Reli ya Settle–Carlisle. Katibu wa kwanza alikuwa Graham Nuttall, jamaa wa Burnley, na ndiye mwenye mbwa. Na hata kabla ya hapo, tangu 1975, wenye hifadhi ya Yorkshire Dales walikuwa wanakodi treni wikiendi wanapeleka wapanda milima kwenye zile stesheni zilizofungwa, zinafunguliwa kwa siku moja, watu wanashuka wanatembea jioni wanarudi. Kwa hiyo stesheni zilikuwa zimefungwa lakini watu hawakuwa wamezizoea kufungwa. Hilo dogo lina uzito kuliko linavyoonekana.

Sheria ya Uingereza wakati ule ilikuwa hivi: ukitaka kufunga huduma ya abiria lazima utangaze, na mtu yeyote anayeitumia ile huduma ana haki ya kuandika pingamizi, halafu kamati ya watumiaji wa usafiri inakaa kusikiliza ni shida gani abiria watapata. Shida za abiria. Haikuulizi kama jengo ni zuri, haikuulizi kama babu yako alijenga, wala kama unalia ukiona picha. Marafiki wakaliona hilo mapema, na nadhani ndiyo akili yao kubwa. Hawakupoteza muda kuandika insha za urithi. Waliwaambia watu: panda treni, tunza tiketi, halafu kaa chini uandike wewe mwenyewe kwa maneno yako utaumia vipi ikifungwa. Walikuwa wanapita kwenye mabehewa wanagawa makaratasi. Vikaja vipingamizi vya watu wa vijijini wanaokwenda hospitali na sokoni, wapanda milima wa Leeds na Bradford, wanafunzi, watu wazima wasio na gari, na theluji ikifunga barabara za kule juu treni ndiyo inabaki kupita. Jumla vilizidi 22,000. Kwa kufunga kijireli cha milimani ambacho watawala walisema hakina abiria!

Na kimojawapo kilikuwa na alama ya unyayo. Ruswarp, linatamkwa kama Rasap, alikuwa mbwa wa Graham, wale mbwa weusi na weupe wa kuchunga kondoo. Alikuwa anasafiri na bwana wake kwenye ile reli, na enzi hizo mbwa alikatiwa tiketi, kwa hiyo hoja ilikuwa nyepesi tu, huyu ni abiria aliyelipa nauli, ana haki ya kupinga. Wakamchovya mguu wakagonga karatasi. Wakapokea. Mimi hapa ndipo huwa nacheka peke yangu, nikifikiria yule karani aliyekuwa anapanga mafaili kafika kwenye unyayo kageuza karatasi huku na huku, halafu kaona kanuni inasema abiria, haijasema binadamu, kagonga muhuri.

Kuna mtu mwingine kwenye hii stori anaitwa Ron Cotton, huyu alikuwa upande wa pili. British Rail walimteua asimamie zoezi la kufunga njia. Yeye akasema sawa, lakini wakati naisubiri ife si niiuze? Akashusha nauli, akaleta tiketi za bei poa za kwenda na kurudi, akaongeza mabehewa, akatangaza kwa nguvu, na watu wakafurika kwa sababu pia waliambiwa panda sasa kabla haijafungwa. Julai 1986 stesheni 8 zilizokuwa zimefungwa tangu 1970 zikafunguliwa tena kwa treni za kila siku, Garsdale na Dent zikiwemo, huku njia yenyewe bado iko kwenye orodha ya kifo, fikiria. Abiria walitoka kama 93,000 kwa mwaka wakati tangazo linatoka mpaka kama 450,000 mwishoni mwa ule muongo. Yaani mtu aliyetumwa kuchimba kaburi akaanza kumpa mgonjwa uji.

Vikao vya kusikiliza vilifanyika 1986 mji kwa mji, watu wanasimama mmoja mmoja. Kamati ikasema isifungwe. Serikali haikulazimika kuisikiliza. Mwaka 1988 wakatoa kauli kwamba wanaelekea kukubali ifungwe isipokuwa apatikane mtu binafsi wa kuinunua, na watu wakadhani imekwisha. Kumbe huku nyuma mafundi walishajaribu kutengeneza tao moja la Ribblehead na kuona kwamba gharama itakuwa chini sana kuliko ile hesabu ya kutisha iliyotangazwa mwanzo, halmashauri za njiani zikakubali kuchangia, watu wa urithi wa England wakaweka hela yao, na abiria wanazidi kujaa. Tarehe 11 Aprili 1989 serikali ikatangaza: njia inabaki. Waziri mdogo wa uchukuzi aliyelishughulikia alikuwa Michael Portillo, ndiyo, huyo huyo mnayemwona kwenye TV siku hizi na makoti ya pinki na suruali za kijani anazunguka na treni dunia nzima. Mwenyewe huwa anajisifia hili na mimi namwachia, amestahili.

Graham hakukaa sana na ushindi wake. Januari 1990, hata mwaka haujaisha, alikwenda na Ruswarp kutembea milima ya Wales, karibu na Llandrindod Wells, wasirudi. Wakatafutwa, hakuna kitu. Tarehe 7 Aprili mtu anayepita peke yake akakuta maiti kando ya kijito, na pembeni yake mbwa. Wiki 11 za baridi ya Wales, mbwa wa miaka 14, kakaa pale. Alikuwa kaishiwa nguvu ikabidi abebwe kushushwa mlimani. Aliishi mpaka bwana wake akazikwa, na yeye mazikoni alikuwepo, halafu akafa muda mfupi baadaye. Sanamu yake ilisimamishwa Garsdale mwaka 2009, miaka 20 kamili tangu njia iokolewe, kwa michango ya watu. Amekaa kwenye platfomu anaangalia ng'ambo, na kichwa chake kimeng'aa kwa kushikwashikwa.

Hapo ndipo wengi wanaoisimulia wanaishia, mbwa, machozi, kwisha. Mimi kinachonivuta zaidi ni kilichofuata, kwa sababu reli kuokolewa siyo stesheni kupona. 1989 walikabidhiwa reli inayopita katikati ya majengo mabovu. 1990 wakaunda mfuko wa hisani wa kushughulikia majengo, Settle and Carlisle Railway Trust, na 1991 njia nzima mwanzo mwisho ikatangazwa eneo la hifadhi, kwa hiyo huwezi kujiamkia ukabandua dirisha la mbao ukaweka aluminiamu. Trust wakawa wanapangishwa jengo moja moja na wenye reli kwa muda mrefu, wanalitengeneza, halafu, na hili ndilo la kuiga, wanalitafutia kazi. Ribblehead ndani yake kuna maonyesho na chai na nyumba ya stesheni masta unaweza kukodi ukalala. Kirkby Stephen vile vile unalala. Kodi inayopatikana ndiyo inaziba paa la stesheni inayofuata. Dent iko mikononi mwa mtu binafsi, nayo unakodi unalala, treni zinapita dirishani. Kuna wanaolalamika kwamba stesheni zimekuwa vyumba vya wageni wenye hela, na hawajakosea sana, lakini mimi nikipewa nichague kati ya mgeni mwenye hela na popo nachagua mgeni.

Garsdale nyumba za kulala hakuna stesheni hapo, ila historia yake inachekesha kuliko zote. Zamani ilikuwa njia panda, tawi la kwenda Hawes lilianzia hapo mpaka lilipofungwa 1959, na wafanyakazi wa reli waliishi hapo hapo na familia zao kwenye nyumba 16 za kampuni, mbali na kila kitu. Sasa mkiwa mbali na kila kitu mnafanyaje? Waligeuza stesheni kuwa kijiji. Chini ya tanki kubwa la maji ya injini kulikuwa na chumba, wakakifanya ukumbi wa dansi na tamasha. Kwenye chumba cha kusubiria treni kulikuwa na maktaba, na Jumapili ibada inafanyika humo humo. Na kulikuwa na ile sahani kubwa ya chuma ya kugeuzia injini, inasimuliwa kwamba mwaka 1900 upepo ulikamata injini ikiwa juu yake ukaanza kuizungusha kama pia, watu wameshindwa kuisimamisha mpaka wakamwaga mchanga kwenye shimo lake. Baada ya hapo wakaizungushia ukuta wa mataruma yaliyosimamishwa wima. Nilipokuwa nasoma hayo kwenye ubao pale nilimkumbuka mjomba wangu aliyekuwa kwenye gengi la reli ya Tanga, na wao kwenye kambi walikuwa na timu ya mpira, kwaya na ugomvi wa maji ya bomba, dunia ya watu wa reli ni moja.

Siku moja nilikuta wazee wa kujitolea wako kazini kwenye stesheni mojawapo ya njia hii, wanne, wastaafu, ovaroli zimejaa madoa. Nilidhani nitakuta watu wanapaka rangi, maana stesheni zote zimepakwa rangi zile zile za zamani za Midland, nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee na krimu. Kumbe wanakwangua. Mmoja kapiga magoti mbele ya benchi, lile la miguu ya chuma cha kumimina yenye maua maua, ana brashi ya waya na kijibisibisi kidogo, anatoa rangi ya zamani kutoka kwenye kila jani dogo la yale maua, tabaka kwa tabaka, na chini ya ile nyekundu kulikuwa na kijani, chini ya kijani kijivu, chini ya kijivu kutu. Akaniambia kupaka ni asubuhi moja, kukwangua ndiyo kunakula wiki, na ukipaka juu ya kutu msimu ujao unarudi hapo hapo. Mwingine alikuwa juu ya ngazi anatoa majani kwenye mfereji wa paa. Hilo alisema ndilo kazi namba moja ya stesheni, siyo rangi, siyo maua. Mfereji ukiziba maji yanarudi ukutani, ukuta ukilowa mbao za paa zinaoza, na baada ya hapo ndiyo unaitisha harambee ya mamilioni kwa kitu ambacho kingetolewa na mkono mmoja wenye glavu. Kisha wakanywa chai kutoka kwenye chupa, wakabishana kuhusu biskuti, wakaendelea.

Hii ndiyo sehemu haiendi kwenye picha ya group, sisemi zaidi.

Ila nyumbani sitaki nipaseme kama hakuna kitu, maana si kweli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, Moshi ikafika 1911, ni mzee kuliko hata nchi yenyewe. Treni ya abiria ilipokufa miaka ya 90 sisi tulioachwa nyuma tulishazika. Halafu mwisho wa 2019 ikarudi Dar mpaka Moshi, 2020 ikafika Arusha, na mnakumbuka ile Desemba ya kwanza, wachaga tulivyoigombania kwenda kula Krismasi, watu walibanana kwenye behewa na kuku na magunia na wanafurahi. Hakuna aliyepanda ile treni kwa ajili ya urithi. Walipanda kwa sababu nauli ya basi mwezi wa 12 inapaa. Na stesheni njiani zikawashwa taa, mama wa ndizi karudi na beseni lake, mtu kafagia. Hiyo miezi michache ilifanyia yale majengo kuliko machozi yetu yote ya mtandaoni ya miaka ishirini, na sasa watu wanapopiga kelele mimi swali langu huwa moja tu linaloudhi: wewe mara ya mwisho kukata tiketi ya hiyo treni ni lini? Najua majibu. Inachelewa, iko polepole, basi linafika mapema. Kweli kabisa. Na ya Settle ilikuwa hivyo hivyo, mbili kwa siku na inatikisika.

Halafu kuna faida nyingine ya abiria ambayo niliiona baadaye. Mwanzoni mwa 2016 kilima cha Eden Brows huko karibu na Carlisle kiliporomoka kuelekea mto Eden, mvua za ule msimu zilikuwa balaa, reli ikabaki inaning'inia. Kukitengeneza kulikula kama pauni milioni 23, na njia ilifunguliwa tena Machi 2017. Hakuna aliyesema tufunge. Miaka thelathini nyuma walitaka kuifuta kwa gharama ndogo kuliko hiyo, safari hii walimwaga zege mlimani kwa sababu kulikuwa na watu wamesimama kwenye platfomu wanauliza treni yetu iko wapi. Chama cha Marafiki nacho kipo bado, wanachama kwa maelfu, wanaongoza matembezi, wanatoa maelezo ndani ya treni, wanalima maua, na ratiba ikiguswa kidogo tu wanaandika barua.

Nikiulizwa stesheni gani ya kwetu ningeanza nayo, ningeanza na ndogo. Siyo Dar, siyo Tabora, hizo zina wakubwa wa kuzisemea. Ningechukua stesheni ya kijijini ambayo treni bado inasimama, kuna walimu wastaafu watatu na kijana mwenye bodaboda na kikundi cha akina mama wa vikoba, waombe wenye reli chumba kimoja tu, kile cha mizigo, wakitengeneze kiwe na kazi inayoingiza hela, chai, kuchaji simu, ghala la vitunguu vinavyosubiri treni, chochote. Na ngazi ya kupandia kwenye mfereji wa paa.

Ukija huku na ukataka kuiona: treni inaondokea Leeds, mpaka Garsdale ni kama saa moja na nusu, jumla mpaka Carlisle kama saa mbili na dakika 45. Chukua tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, angalia ratiba kabla ya kushuka Garsdale maana ukiikosa inayofuata unasubiri masaa, na pale hakuna mgahawa, hakuna duka, mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Beba chapati zako na chai kwenye chupa. Na sweta, hata kama ni Julai.